Jinsi Jemadari wa Majalada Alivyoingia Ofisini Bila Kutoka Nyumbani

Jongeeni, enyi wenye masikio mazima na makalio yaliyotulia. Mwenye chungu mekoni apunguze moto, mwenye mtoto mgongoni ambembeleze, na mwenye simu aizime au walau aifunike kwa mto, kwa maana habari ninayowaletea haijapata kutokea tangu watu walipojifunza kupanga foleni. Nipeni kalamu isiyokwaruza, nipeni wino mweusi usiochuja, nipeni karatasi nyeupe yenye pambizo pana, nipate kuandika kwa heshima inayostahili. Sitaandika vita vya wafalme. Nitamwandika mwanamume mmoja mwenye miwani, ambaye asubuhi ya Jumatatu aliketi chumbani kwake akiwa amevaa tai juu na kandambili chini, akaingia ofisini bila kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Wapo watakaosema hilo ni jambo dogo. Hao hawakuwapo.

Huyo ndiye Jemadari wa Majalada, Mlinzi wa Kabati la Chuma, Mpiga Muhuri Asiyepinda, karani mkuu wa masjala katika idara ya umma inayotunza hati za viwanja. Kwa miaka thelathini na mmoja barua zote za idara zilipita mikononi mwake: alizipokea, akazipa namba, akazitoboa matundu mawili sawasawa, akazilaza kila moja katika jalada lake. Wakurugenzi tisa walikuja na kuondoka, na kila mmoja alijifunza mapema kwamba kumkosea Waziri kuna msamaha, lakini kumrudishia Jemadari jalada lililokunjwa sikio hakuna. Alikuwa mjane, watoto wake wameshika njia zao, na nyumbani alikuwa amebaki yeye na mama yake mzazi.

Na mama huyo, msimdhanie kuwa kikongwe wa kupigia porojo. Alikuwa mpiga taipu wa idara hiyohiyo kwa miaka ishirini na sita, na kwa kasi ya vidole vyake wakamwita Bi Risasi. Alikula kiapo cha siri siku ya kwanza kazini na hajakitapika mpaka leo. Kuna barua moja aliyoichapa miaka arobaini iliyopita, ambayo mumewe alimbembeleza maisha yake yote amwambie ilisema nini, na maskini akaingia kaburini bila kujua. Sasa Bi Risasi alikuwa ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Alikuwa ametoka hospitali na gongo lenye miguu minne, na kwa gongo hilo aliweza kupiga hatua kumi na moja, si zaidi, na kila hatua alitaka mtu awe pembeni yake.

Hapo ndipo vita vilipoanzia. Dada yake Jemadari, aliyeolewa mji wa mbali, alikuwa ameshaandaa chumba chenye mapazia mapya. Alisema Jumamosi atakuja na gari kumchukua mama, maana huwezi kumwacha mgonjwa peke yake mchana kutwa eti unatoboa matundu. Na dada hakuwa mbaya. Alikuwa anasema kweli. Lakini Bi Risasi alisema kwamba kule kwa binti yake atapendwa sana, atalishwa vizuri sana, na atakufa akiwa mgeni. Jemadari alipoyasikia maneno hayo hakulala siku mbili.

Sasa basi, mwaka huo idara ilikuwa imeleta chombo kipya kiitwacho dawati pepe, ili watumishi wenye udhuru wafanyie kazi nyumbani bila siri za wananchi kuvuja. Fundi wa mitambo, mwanamke mwenye sauti ya upole na subira ya mlezi wa mapacha, aliwakusanya makarani akawafafanulia. Kompyuta ya nyumbani, alisema, ni dirisha tu. Majalada yanabaki kwenye mitambo ya idara. Unayaona, unayafanyia kazi, lakini hakuna hata herufi moja inayolala kwako. Mwizi akikuibia kompyuta, ameiba dirisha na nyumba hajaingia. Wengine walisinzia. Jemadari hakusinzia. Alitambua kwamba haya ndiyo aliyoyahubiri miaka yote, kwamba jalada halitoki masjala, na akaomba ruhusa siku hiyohiyo.

Mkurugenzi hakupenda. Alikuwa mtu anayeamini kuwa kazi ni kuonekana. "Nitakupa," alisema, "lakini kwa sharti. Jumatatu, kabla ya saa nne asubuhi, uwe umeingia ukiwa huko nyumbani na umesajili barua ya kwanza ya siku. Jina lako lisipotokea kwenye orodha yangu saa nne kamili, Jumanne nakutaka kwenye kiti chako, na habari ya dawati pepe iishe." Jemadari akainamisha kichwa kama mtu anayepokea upanga.

Jumatatu ikafika. Kabla ya saa mbili Jemadari alikuwa ameshaoga na kupiga tai pasi, na kwenye mlango wa chumba alichokiteua kuwa ngome yake, mkabala na kitanda cha mama, alikuwa amebandika kadi yenye maandishi ya wino mwekundu: MASJALA. USIINGIE BILA HATI. Bi Risasi aliisoma kwa mbali akiwa ameegemea mito.

"Na chai yangu nayo itapita kwa hati?" aliuliza.

"Mama, leo mwanao anakwenda vitani."

"Nenda. Ila chai kwanza."

Akampelekea chai, akarudi, akaketi, akainua kifuniko cha kompyuta kwa mikono miwili kwa taadhima. Lango la idara likatokea kwenye skrini. Likamwuliza jina, akaliandika kwa fahari. Likamwuliza neno lake la siri. Jemadari akainua mkono, akanyoosha kidole, na kidole kikabaki hewani.

Enyi wasikilizaji, msimcheke kabla ya wakati. Siku ile ya mafunzo, Fundi aliwaagiza kila mmoja atunge neno la siri lenye herufi, tarakimu na alama zisizopungua kumi na mbili, kisha alihifadhi mahali salama, asilibandike kwenye skrini kama tangazo la chumba cha kupanga. Wengine walilificha nyuma ya kalenda. Mmoja aliliandika kwenye kiganja, akanawa. Lakini Jemadari alifanya kama alivyofunzwa na heshima yake: alifungua jalada jipya, akalipa namba SK/1, akaandika juu yake SIRI KUU, akaliweka neno lake humo kama folio ya kwanza, yaani karatasi ya kwanza jaladani, akalifungia ndani ya Kabati la Chuma na kumkabidhi msaidizi wake ufunguo. Na kichwa chake kilikuwa na tabia moja. Kitu kikishaingia jaladani, kichwa hukiachia, maana majalada ni ya nini kama mtu atakumbuka mwenyewe?

Kwa hiyo neno la kumwingiza ofisini akiwa nyumbani lilikuwa limefungiwa ofisini.

Alijaribu kulikisia. Likakataa. Akajaribu tena, safari hii akiongeza alama ya mshangao. Likakataa, na maandishi mekundu yakamwonya kuwa jaribio moja tu limesalia, kisha lango litafungwa hadi kesho. Jemadari akaondoa mikono juu ya meza upesi. Akampigia simu msaidizi wake, yule bibi wa masjala ambaye watumishi wote walimwita Komeo, na nitawaeleza sababu muda si mrefu. Kwa kweli hamtahitaji maelezo.

"Masjala," sauti ikaitika.

"Ewe mkono wangu wa kuume," alinena Jemadari, "uliyesimama nami katika ukaguzi na katika mafuriko ya bomba lililopasuka, saa yako imefika. Fungua Kabati la Chuma, toa jalada SK/1, unisomee folio ya kwanza."

"Hilo ni la siri kuu, Mzee."

"Najua. Nililifungua mimi."

"Kanuni ya saba, Mzee. Jalada la siri kuu halisomwi kwenye simu kwa mtu yeyote, awe mkubwa, awe mdogo, hata akiwa analia."

"Nani aliyeandika habari ya kulia?"

"Wewe. Mwaka juzi, baada ya yule bwana wa kiwanja cha pembeni kukulilia kwenye simu."

Jemadari akafumba macho. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. "Sauti yangu huijui?"

"Naijua vizuri sana. Na mtu anayetaka kutuibia, hiyohiyo ndiyo angeiiga." Komeo alisema bila ubaya wowote. "Njoo utie sahihi kwenye kitabu cha kuazimia, nakupa papo hapo. Usinikasirikie, Mzee."

"Sikukasirikii. Umefanya vizuri," alisema Jemadari, na ninaapa kwamba alimaanisha, ingawa meno yake yalisagika hadi mama akasikia chumba cha pili.

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Kwenda ofisini kwa basi ni saa nzima, kurudi ni saa nzima, na mama angebaki peke yake na hatua zake kumi na moja. Alivuka ukumbi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakuwa jemadari hapo. Alikuwa mtoto wa mtu, ingawa miaka yake ilikuwa hamsini na saba.

"Mama, nimekwama. Nikishindwa leo, Jumamosi dada anakuja na gari."

Vidole vya Bi Risasi vilikuwa vinagonga blanketi polepole, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kama bado kuna barua ya kumaliza. Aliogopa, na mwanawe aliona kwamba ameogopa.

"Basi usishindwe," alisema. "Wapigie wale wa mitambo. Hapa unafanya nini?"

Akawapigia. Na yeye aliyewapanga watu foleni kwa miaka thelathini na mmoja, aliyewaambia wenye haraka wakae benchi wasubiri kuitwa, aliambiwa na sauti ya mashine kwamba yeye ni wa kumi na nne. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kinanda kikampigia wimbo mmoja uleule, ting-ting-ting. Akausikiliza amesimama, akausikiliza amekaa, akausikiliza akimpelekea mama dawa yake na glasi ya maji. Akawa wa tisa. Akawa wa tano. Kwenye nafasi ya pili alikaa muda mrefu hivi kwamba alianza kumfahamu na kumchukia mtu wa kwanza. Jeshi la nzi wawili likavamia sahani ya mkate na hakuna aliyelizuia.

"Habari za asubuhi, hapa ni msaada wa mitambo." Alikuwa Fundi mwenyewe. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

Jemadari akaeleza kisa chake chote, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akaanzia mwaka alioajiriwa. Fundi alimsubiri afike Jumatatu.

"Mzee wangu, neno la siri tunabadilisha sasa hivi, si tatizo," alisema. "Lakini lazima kwanza nijue ni wewe. Siku ya mafunzo ulijaza majibu ya maswali matatu. Nikupe swali, unijibu kama ulivyoandika. Moja likikubali, linatosha. Yote matatu yakikataa, mfumo unajifunga hadi kesho na mimi siwezi kuufungua hata nikitaka. Tuanze. Shule yako ya kwanza inaitwaje?"

Jemadari akaitaja, pamoja na sanduku lake la posta.

"Siyo."

"Siyo vipi? Nimesoma pale miaka saba."

"Sikatai, Mzee. Lakini hapa hukuandika hivyo. Swali la pili. Jina la utani la mama yako."

"Bi Risasi," alisema Jemadari kwa sauti ya kifua.

"Siyo."

"Binti yangu, mama yangu yuko hapa hapa, anakohoa. Mama, kohoa."

Bi Risasi akakohoa kwa nguvu zote alizobaki nazo.

"Mpe pole," alisema Fundi, "lakini mfumo haupokei kikohozi. Limebaki moja, Mzee wangu, usiharakishe. Ulipokuwa mtoto, chakula ulichokipenda kilikuwa kipi?"

Saa nne kasoro dakika saba. Jasho likamtoka Jemadari hata tai ikalegea shingoni. Vyakula vya utotoni vikapita mbele yake kimoja kimoja kama wanajeshi kwenye gwaride, kila kimoja kikidai kuwa ndicho, na yeye hakujua amkamate nani. Akafunika simu kwa kiganja, akamtazama mama yake ng'ambo ya ukumbi.

"Mama, nilikuwa napenda nini?"

"Kila kitu. Ulikuwa mlafi," alisema Bi Risasi. "Lakini hilo silo swali. Hiyo fomu uliijaza ukiwa wapi?"

"Masjala."

"Saa za kazi?"

"Saa za kazi."

"Basi aliyejibu si mwanangu. Aliyejibu ni karani. Na karani wa masjala akiulizwa jambo ambalo limeshaandikwa mahali pengine, anajibuje?" Alijiinua kidogo kwenye mito. "Nilikuuliza mwenyewe, mwaka ule ulipotaka kuoa, huyo binti ni mtu wa namna gani. Ukaniambia nirejee barua yako ya tarehe tatu."

Ah, wenzangu. Laiti mngeuona uso wake. Damu ilimwondoka usoni, kisha ikarudi yote kwa pamoja, na miwani ikateleza hadi ncha ya pua. Akaondoa kiganja kwenye simu. Akasimama, kwa maana maneno ya namna hiyo hayasemwi mtu akiwa amekaa.

"Tazama jalada binafsi," alitamka Jemadari wa Majalada, "folio ya pili."

Upande wa pili vikasikika vibonyezo. Vikanyamaza.

"Sahihi," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, na si kwa huzuni. "Mzee wangu, ndivyo ulivyojibu yote matatu."

"Kwa kuwa ni kweli. Yote yamo mle."

"Tunga neno jipya sasa. Usinitajie, usimtajie mtu."

Hapo mkono wa kulia wa Jemadari, bila kutumwa na mwenyewe, ukateleza mezani ukakamata kipande cha karatasi, na wa kushoto ukatafuta kalamu. Gongo la miguu minne likagonga sakafu, pa.

"Weka karatasi chini," alisema Bi Risasi. "Kichwani."

"Mama, kichwa changu ni kaunta. Vitu hupita tu."

"Leo kitakuwa kabati. Mimi nimebeba barua moja miaka arobaini, wewe utashindwa kubeba neno moja?"

Na mama, kwa hiari yake, akageuza uso ukutani ili asione vidole vya mwanawe, maana mpiga taipu wa kale huweza kusoma neno kwa kutazama mkono. Jemadari akaandika. Lango likamtumia tarakimu sita kwenye simu ili lihakikishe tena. Akaziingiza moja baada ya moja, kwa pumzi moja. Kisha lango likafunguka. Na tazama, pale kwenye meza ya chumbani, kando ya mkate na nzi wawili, akaiona masjala yake nzima: majalada elfu na elfu kwa namba zao, hakuna lililohama, hakuna lililokunjwa sikio. Machozi yalimlenga. Saa nne kasoro dakika mbili.

Barua ya kwanza ya siku ilikuwa inangoja. Akaifungua. Ilitoka kwa Mkurugenzi mwenyewe, ikiwakumbusha watumishi wote walioruhusiwa kufanyia kazi nyumbani kwamba, kwa mujibu wa taratibu, wanatakiwa kufika getini kila asubuhi kutia sahihi kitabu cha mahudhurio kuthibitisha kuwa wako nyumbani.

Jemadari akaisoma mara moja. Hakupiga kelele, hakulaani. Aliipa namba. Akaandika tarehe. Kisha, kwa mkono mtulivu wa mtu aliyejua siku zote nguvu za nchi hukaa wapi, akailaza katika jalada la Mambo Yanayohitaji Kutafakariwa Zaidi, jalada ambalo kwa miaka thelathini na mmoja halijarudisha hata kipande. Akabonyeza. Jina lake likatokea kwenye orodha ya Mkurugenzi kwa rangi ya kijani, saa tatu na dakika hamsini na tisa.

Simu ikalia. Alikuwa Komeo. "Mzee, nimeona jina lako limewaka. Hili SK/1 nilifanyeje?"

"Lifunge. Andika juu yake: halina kazi tena."

"Nitaandika. Lakini kulifunga kunahitaji sahihi yako."

"Litangoja," alisema Jemadari.

Iandikwe basi, enyi waandishi, na watoto wakaririshwe, kwamba siku hiyo mtumishi wa umma aliingia ofisini kwa mlango ambao hakuna mwizi awezaye kuubeba, na hakuacha nyuma yake hata kipande cha karatasi. Ngoma zingepigwa, lakini hakukuwa na ngoma. Bunduki zingefyatuliwa, lakini majirani wana watoto. Na kuhusu lile neno jipya, msinisumbue. Nilimwuliza mwenyewe, akaniambia nitazame jalada, na nilipouliza jalada gani, akajigusa kichwa.

Ila naona nimesahau jambo. Mara tu baada ya simu ya Komeo, Bi Risasi alisema anataka jua. Jemadari akaifunga skrini kama kanuni inavyotaka, akaenda, akamwinua taratibu, akasimama pembeni yake na tai yake na kandambili zake. Wakatoka kuelekea barazani. Mama alihesabu kwa sauti kama alivyofanya kila siku, na alipofika kumi na moja hakuomba kiti. Alivuta pumzi, akasogeza gongo, akasema kumi na mbili.

Jumamosi dada alikuja na gari, kama alivyoahidi. Alikula nao, akamkagua mama nyonga, akamkagua kaka skrini, akasoma kadi ya mlangoni akacheka mpaka akakaa chini. Jioni aliondoka na kiti cha nyuma kitupu, na mama yao akampungia mkono kutoka barazani, akiwa nyumbani kwake.